Folda Iliyoitwa "Asijue"

"Usifute! Dada nakuomba, chochote unachotaka kunifanyia nifanyie, lakini usifute!!"

Mdogo wangu wa tumbo moja alikuwa amepiga magoti kwenye mlango wa stoo. Begi lake nilikuwa nimeshalirusha barazani, zipu imepasuka, nguo zimetapakaa mpaka jirani anayeanika mito yake ameacha kuanika anaangalia sinema.

Mume wangu amesimama nyuma yake. Jasho linamtiririka.

"Mama Pacha, toa mkono kwenye hiyo kompyuta," akasema taratibu, kama mtu anayembembeleza mbwa mkali.

"Nitoe kwa nini? Humo ndani kuna nini mnachokiogopa nyie wawili?"



Wakaangaliana.

Jamani... kule kuangaliana ndiko kulikonimaliza. Mume na mke wakiangaliana hivyo sawa. Mume na shemeji yake?

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Kwenye skrini pameandikwa: UNA UHAKIKA UNATAKA KUFUTA?

Nilikuwa na uhakika kuliko siku niliyokubali kuolewa.

Tulieni kwanza. Nianzie panapoanzia, maana nawajua, humu mna haraka ya kuhukumu. Hata mimi nilikuwa nayo.

*

Mimi nina studio. Msifikirie studio ya muziki! Napiga picha za pasipoti, natoa kopi, nachapa kadi za harusi. Chumba kimoja ghorofa ya kwanza, kitambaa cheupe ukutani, na stuli moja ambayo kila anayeikalia lazima nimwambie, "Inua kidevu kidogo."

Mume wangu ni fundi wa lifti. Mapacha wetu wana miaka sita, ndiyo maana yeye ni Baba Pacha na mimi Mama Pacha, majina yetu ya kuzaliwa yameshaota ukungu. Mdogo wangu anauza kwenye duka la dawa. Tunaishi naye tangu amalize chuo.

Mwaka juzi mteja mmoja alikuja kuchukua picha zake, akanisogezea simu.

"Samahani, hawa si wanao?"

Tangazo la sabuni. Watoto wawili kwenye beseni, povu mpaka masikioni, wanacheka.

Ni wanangu!!

Picha niliyoipiga mimi, bafuni kwangu, kwa simu yangu. Ilikuwa imejihifadhi yenyewe huko kwenye app moja ya bure, halafu ikasafiri huko ilikosafiri. Nikaandika malalamiko. Wakanijibu kwa heshima zote kwamba nilikubali masharti. Masharti yenyewe kurasa arobaini. Nani anasoma?

Siku ile niliapa picha ya mwanangu haitalala tena kwenye nyumba ya mtu nisiyemjua.

Nikaanza kusoma. Nikajifunza kwamba kuna programu huria, yaani zile ambazo mtu yeyote anaweza kuzifungua akaona zimeandikwaje ndani. Hazikuchungulii, hazikuuzi. Unaziweka kwenye kompyuta yako mwenyewe, inakaa imewaka nyumbani kwako, na simu za familia nzima zinatuma vitu pale badala ya kutuma kwa watu baki. Ndiyo wanaita seva. Si lazima iwe dude kubwa. Yangu ilikuwa laptopu kuukuu iliyokufa betri, nimeiweka stoo kwenye rafu, katikati ya pasi na ndoo ya mchele.

Mapacha wakaipa jina: Bibi. Kwa sababu inakaa pembeni, inanguruma kidogo, na inajua mambo ya kila mtu. Umeme ukikatika utawasikia, "Mama, Bibi amelala!"

Picha zetu zilikuwa kwa Bibi. Kalenda ya familia kwa Bibi. Hata meseji za kifamilia zilipitia kwa Bibi. Kila mtu na pasiwedi yake, kila mtu na sehemu yake. Na kila jioni nilinakili vyote kwenye diski ya akiba, ninaichomoa na kuifungia kabatini.

Mimi nikawa msimamizi. Na msimamizi, niwaambie ukweli, anaweza kufungua chochote akiamua. Nikawaambia mezani siku ile ya kwanza, "Naweza, lakini sitafanya. Humu hamna jicho la mtu."

Wakapiga makofi.

Sasa, kuisoma mitandaoni ni jambo moja, kuifunga ni jambo jingine. Wiki ya kwanza nilikwama, nikalia. Aliyenikwamua ni jirani yangu wa koridoni, anayetengeneza kompyuta mlango unaotazamana na wangu. Tunamwita Profesa. Mpole, sauti ya chini, miwani imefungwa na uzi, na hata mteja akimtukana yeye anajibu "Pole, mzee wangu." Ananiita dada'ngu. Kila saa tisa alasiri tunakunywa chai pamoja, nikiwa na shida ya simu namwachia, nikiwa na stori namwaga.

Akaja nyumbani alasiri tatu mfululizo. Akafunga kila kitu. Hakutaka malipo.

"Siku moja utanichapia kadi ya harusi bure," akasema. Tukacheka.

*

Mambo yakaanza kubadilika taratibu, kama maziwa yanayoanza kuchacha.

Mdogo wangu aliacha kupita studio. Zamani akitoka kazini lazima apite, apige umbea, amtanie Profesa kuhusu ile miwani. Ghafla hapiti.

"Zamu zimebadilika, dada."

Sawa.

Halafu akaacha kukaa na mimi sebuleni. Nikiingia anatoka. Nikimuuliza umekula, ananijibu akiangalia sakafu. Nikaona ananikwepa kama mtu aliyenikosea.

Mume wangu naye akaanza kuchelewa. Kila siku lifti imekwama mahali. Mji mzima unakwama lifti!

Mwanzoni nilijikausha. Mpaka Jumanne moja, kwenye chai, Profesa akaweka kikombe chini, akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Dada'ngu... mimi umbea siupendi. Unanijua."

"Sema tu."

"Nimewaona shemeji na mdogo wako. Kwenye gari, nje ya duka la dawa. Mara ya kwanza nikasema anampa lifti. Ya pili nikanyamaza." Akavaa miwani. "Leo ni ya tatu."

Nikasukuma kikombe pembeni.

"Anampitia tu, ni shemeji yake."

"Labda. Ila wewe si una mashine yako? Mtu anadanganya, mashine haidanganyi. Angalia tu wanashirikiana nini humo."

Nikarudi nyumbani, nikajifungia stoo. Niliapa sitafungua vitu vya mtu, sikufungua. Lakini ukurasa wa msimamizi unaonyesha orodha: folda za nani, ukubwa gani, zinaonwa na nani.

Nikaiona.

Folda iko kwenye akaunti ya mdogo wangu. Imefungwa. Inaonwa na watu wawili tu: yeye, na mume wangu.

Jina lake: ASIJUE.

Nikakaa kwenye ndoo ya mchele.

Asijue nani? Nyumba nzima ina watu wazima watatu. Wawili wanajua. Sasa anayebaki ni nani, kama si mimi mwenyewe niliyekaa juu ya mchele?

*

Kuanzia hapo niligeuka mpelelezi. Aibu naiona sasa, siku zile nilijiona shujaa.

Jumatano mume wangu aliandika kwenye kalenda ya familia: "Lifti, jengo la bima, saa kumi." Nikafunga studio, nikaenda. Nikamkuta mlinzi.

"Lifti yenu ni nzima?"

"Hii? Ina mwezi haijaleta shida."

Sikumwamini. Nikaipanda mpaka ghorofa ya tisa. Nikashuka. Nikaipanda tena! Inateleza kama siagi. Mlinzi ananiangalia kama mtu aliyetoroka wodini.

Jioni Baba Pacha akarudi, kajipaka grisi mkononi.

"Leo ile lifti imenitesa, we acha."

"Pole, mume wangu," nikasema.

Mnajua kusema pole huku unatafuna ulimi?

Usingizi ukaniruka. Sahani ikigongana na kijiko nashtuka. Wakinyamaza nasema wananisema, wakiongea nasema wanajificha nyuma ya maongezi. Mdogo wangu akipiga chafya, na mume wangu akisema "afya," mimi nahesabu ametumia sauti gani.

Kila siku nachungulia ile orodha. Faili ishirini na sita. Ishirini na tisa. Thelathini na moja... Inakua! Mapenzi yao yananenepa ndani ya kompyuta yangu, kwenye umeme ninaolipia mimi!

Ijumaa saa tano asubuhi nikasimama ng'ambo ya duka la dawa, nimejifunika mtandio mpaka kwenye nyusi. Gari la mume wangu likaja. Mdogo wangu akatoka na koti lake jeupe, akaingia ndani ya gari.

Alikuwa analia.

Mume wangu akampa kitambaa chake. Kitambaa nilichokipiga pasi mimi! Akamshika bega.

Sikumbuki nilirudije studio. Nilijikuta mbele ya Profesa, nalia mpaka mteja aliyekuja kutengenezewa redio akaondoka.

Nikamwambia kuna folda. Jina sikumtajia, niliona aibu kulitamka.

"Umeifungua?" akauliza haraka.

"Hapana."

Akashusha pumzi. Nilidhani ananionea huruma.

"Usiifungue, dada'ngu. Picha za namna hiyo ukiziona hazitoki kichwani mpaka unazikwa. Sikiliza mimi. Futa. Futa kwenye kompyuta, halafu ile diski ya akiba unayoifungia kabatini, ichomeke, ufute na humo. Usiache hata punje. Halafu huyo binti aondoke. Mwanaume akikosa cha kumkumbusha, atarudi kwa mkewe."

Najua mnachojiuliza. Mtu akifumania si anatunza ushahidi? Mngeniuliza siku ile nisingekuwa na jibu. Mtu mwenye kidonda haulizi dawa imetoka wapi.

*

Jumamosi asubuhi mapacha walikuwa kwa mama mkwe. Nikaingia chumbani kwa mdogo wangu, nikakusanya nguo, nikarusha begi nje.

"Dada, kuna nini?"

"Uliza folda yako."

Uso wake ukawa majivu. Nikaenda stoo, nikachomeka diski ya akiba, nikafungua ukurasa. Ndipo wakaja mbio wote wawili, na ndipo tulipoanzia mwanzo wa stori hii.

"Usifute, dada! Hakuna nakala nyingine popote!"

"Ndivyo ninavyotaka!"

"Mke wangu, nipe dakika mbili nikueleze," mume wangu akasema.

"Ulikuwa na siku ngapi za kunieleza? Ulipokuwa unajipaka grisi ulikuwa unaisubiri dakika ipi?"

Simu yangu ikalia mfukoni. Meseji. Profesa.

"Umeshafuta?"

Nikamjibu kwa mkono mmoja: "Nafuta sasa hivi. Inaniuliza pasiwedi."

Jibu likaja kabla sijarudisha simu.

"Weka ya msimamizi. Hakikisha ASIJUE imefutika kote kuwili. Zipo 34."

Nikaisoma.

Nikainua mkono kuandika pasiwedi...

Mkono ukagoma.

Nikairudia ile meseji. ASIJUE. Kwa herufi kubwa, vilevile.

Sikuwahi kumtajia jina.

Na kwa nini thelathini na nne? Jana mimi mwenyewe niliona thelathini na moja. Nikatazama skrini.

34.

Faili tatu zilikuwa zimeingia asubuhi ileile, saa moja na nusu, wakati mimi napika uji. Mimi msimamizi sikuwa nazijua. Fundi wa kompyuta aliyeko upande wa pili wa mji anazijua!

"Mbona umenyamaza?" mume wangu akauliza.

"Mdogo wangu..." Nikamgeukia. "Leo asubuhi umeweka vitu vingapi humu?"

"Vitatu. Kwa nini?"

"Uliviweka mbele ya nani? Ulimwambia nani?"

"Sijamwambia mtu! Dada, nani anakuandikia?"

"Profesa."

Jamani, nimeona watu wakiogopa. Sijaona mtu akiogopa vile. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga friji, mikono kifuani.

"Ni yeye," akasema. "Dada... ni yeye asijue. Ni yeye!"

Lugha yetu hii tamu, lakini siku ile ilinichezea. Asijue. Haisemi ni mwanamke wala mwanaume. Nilijivika ile nguo mwenyewe bila kupimwa.

*

"Fungua," mdogo wangu akasema. Akaandika pasiwedi yake mwenyewe. "Sikiliza moja tu."

Nikabonyeza.

Ile sauti ya chini. Ile sauti ya "Pole, mzee wangu."

"...picha yako ile umevaa taulo unajaribu gauni, ninayo. Umependeza. Bosi wako hajaiona. Wenzako dukani hawajaiona. Wewe endelea tu kunikataa. Na usijisumbue kumwambia dada yako, kila kitu chako ananiambia yeye. Najua hata Alhamisi saa nane una kliniki ya tumbo..."

Nikazima. Sikuweza.

Picha ya taulo mdogo wangu alinitumia mimi, kwenye meseji zetu za kifamilia, kuniuliza gauni linambana au la. Kliniki aliiandika kwenye kalenda ya familia. Ndani ya mashine yangu. Mashine isiyo na jicho la mtu.

"Alianza kunitaka miezi mitatu iliyopita," mdogo wangu akasema, amekaa sakafuni. "Nikamkataa. Akaanza kunitokea kila ninapokwenda. Anajua zamu zangu. Anajua niliyokuandikia. Nikasema, nani mwingine anayajua haya? Ni dada. Na dada anakunywa naye chai kila siku. Na simu yake anamwachia."

"Ulidhani ninakuuza?"

"Nilidhani unaropoka tu. Hujui kumnyamazia, dada."

Nilistahili.

"Simu yangu ilipoharibika skrini, mwenyewe uliipeleka kwake kabla sijakuzuia. Ikarudi imefutwa yote. Ushahidi wote! Ndipo nikamwambia shemeji. Tukaanza kumrekodi upya. Na simu sikuiamini tena. Wewe ulituambia mahali pa salama ni kwa Bibi..."

"Nikawa nampitia kazini ili asimkute njiani peke yake," mume wangu akadakia. "Tulikuwa tunakwenda polisi Jumatatu. Leo asubuhi alipiga tena, tukaongeza hizo tatu. Nisingeweza kukuambia mapema, Mama Pacha. Ungemvaa koridoni siku hiyohiyo, angeharibu kila kitu."

Alikuwa sahihi. Ningemvaa.

Halafu akaangalia kompyuta, akakunja uso.

"Ngoja. Yeye amejuaje ni thelathini na nne?"

Wote watatu tukaigeukia ile laptopu. Inanguruma kama kawaida. Nilihisi kama kuna mtu wa nne mle stoo, amesimama nyuma ya ndoo, anatusikiliza.

Mume wangu hakusubiri. Akanyoosha mkono, akachomoa waya wa intaneti.

"Lifti ikikwama," akasema, "kwanza unakata umeme. Maswali baadaye."

Nikafungua orodha ya wanaoruhusiwa kuingia kama msimamizi. Ukurasa ambao tangu siku ya kwanza sikuwahi kuugusa, kwa sababu "Profesa ameshaweka sawa."

Funguo zilikuwa mbili.

Moja yangu. Ya pili imeitwa "matengenezo". Imewekwa siku ileile aliyokuja kufunga, dakika nne baada ya yangu. Na chini yake, rekodi za kuingia, kila siku, mwaka mzima na zaidi. Kabla ya chai. Baada ya chai. Kumbe nilikuwa nampelekea maandazi mtu aliyetoka sasa hivi kupekua nyumba yangu!

Wazee walisema mchawi mpe mwanao amlee. Walikuwa wanasema mtu akishalea, ataona haya kuroga. Mimi wangu alilea huku anaroga.

Na mbona asifute mwenyewe, kama alikuwa na ufunguo? Kwa sababu ya ile diski ya kabatini. Haikuwa kwenye mtandao, hakuifikia. Na folda ikipotea yenyewe wale wawili wangejua kuna mtu ameingia. Lakini mke mwenye wivu akifuta? Nani angeuliza?

Alihitaji mkono wangu. Akanipa sababu, nikampa mkono.

Simu ikalia tena.

"Vipi, umemaliza?"

Mume wangu akasoma juu ya bega langu. "Mjibu. Mjibu kama kawaida."

Nikaandika: "Nimefuta vyote. Na mashine nimeizima."

"Safi dada'ngu. Moyo utatulia. Na yeye?"

"Nimemfukuza."

Vidoti vikacheza. Vikaacha. Vikacheza tena.

"Ameelekea wapi?"

Mdogo wangu akaziba mdomo kwa kiganja.

Hapo ndipo nilipoelewa nilikuwa nafanya nini asubuhi ile. Hakutaka tu ushahidi ufutike. Alitaka mdogo wangu awe barabarani na begi lililopasuka, bila dada, bila shemeji, bila pa kulala. Na mimi nilikuwa namwandalia.

*

Hatukusubiri Jumatatu. Tulikwenda na diski, laptopu yenyewe, na simu yangu na zile meseji. Tulimkuta mpelelezi mmoja mwanamama, akasikiliza rekodi mbili bila kubadilisha uso. Ya tatu akavua saa yake mkononi, akaiweka mezani.

"Nani mwingine anajua mpo hapa?"

"Hakuna."

"Basi Jumatatu fungua studio yako kama kawaida."

Siku mbili ndefu kuliko ujauzito.

Jumatatu saa nne asubuhi wakapanda ngazi watu wanne. Profesa alikuwa na bisibisi mkononi, kompyuta ya mtu imefunguliwa mbele yake. Alipowaona hakushtuka. Akanitafuta kwa macho, akanikuta nimesimama mlangoni kwangu. Akatabasamu, jamani, lile tabasamu lake la upole!

"Dada'ngu, hebu waambie hawa mimi ni nani."

"Nimeshawaambia."

Tabasamu likabaki usoni, ila macho yakaondoka.

Kwenye kompyuta zake walikuta funguo za nyumba nyingine saba. Saba! Watu aliowafungia mitambo, kamera, ofisi, bure au kwa bei ya kirafiki. Kesi inaendelea, sitasema zaidi ya hapo.

*

Najua mnataka kusikia tulikumbatiana, tukalia, yakaisha. Hapana.

Mume wangu alinuna wiki nzima. Siku moja anafunga kamba za viatu, bila kuniangalia, akasema:

"Ulinishuku siku zote hizo. Hukuniuliza hata mara moja."

"Na wewe ulinidanganya kuhusu lifti."

"Ndiyo."

"Niliipanda mara mbili, ile ya jengo la bima."

Akainua kichwa. "Mara mbili?"

"Mpaka ghorofa ya tisa."

Alijitahidi asicheke. Akashindwa. Hapo angalau mlango ulifunguka.

Mdogo wangu alihama. Si kwa kufukuzwa, kwa kupenda kwake. Alipata chumba karibu na kazini, anaishi na mwenzake wa dukani. Nilimnunulia begi jipya. Alilichukua, akashukuru, lakini akanishukuru kama anavyomshukuru mteja. Niliwahi kumwita jina ambalo sitaliandika hapa, siku ile nalirusha lile begi la zamani. Neno likishatoka halina kitufe cha kufuta.

Mtaniuliza: umeitupa seva? Umerudi kwenye app za bure?

Sijaitupa! Tatizo halikuwa programu. Zile programu zilikuwa wazi muda wote, ule ufunguo wa pili ulikuwa umeandikwa peupe, ukurasa mmoja tu mbele. Ni mimi sikusoma. Nililalamika kuhusu masharti ya kurasa arobaini, halafu orodha yangu mwenyewe ya funguo, ya mistari miwili, sikuisoma.

Kwa hiyo mwenzenu nawaachia haya. Ukiweka vitu vyako kwako, usiishie kujisifu kwamba nyumba ni yako. Uliza funguo ziko ngapi na nani anazo. Anayekufungia kufuli kwa wema, mshukuru, mpe chai, akishaondoka badilisha kufuli. Na ukimshuku mtu wako, muulize yeye kwanza. Mtu anayekukataza kuona kwa macho yako, huku akikuharakisha kuchukua hatua, huyo ndiye wa kutazamwa mara mbili.

Mwezi uliopita polisi walinirudishia ile laptopu, wameshanakili walichokihitaji, nikaifuta yote, nikaanza upya kwa mikono yangu. Ilinichukua siku kumi na moja. Nilipomaliza nikampigia mdogo wangu, nikamwambia safari hii nataka wasimamizi wawili, ili hata mimi nikichungulia, kuna mtu anaona.

Sikudhani angekuja. Alikuja Jumapili baada ya chakula cha mchana. Akakaa kwenye ndoo ya mchele, akaisoma ile orodha ya funguo mstari kwa mstari, kidole kwenye skrini. Ilikuwa na mmoja tu. Akaongeza wake.

Ilipofika sehemu ya kuweka pasiwedi, akasimamisha mikono. Akanitazama.

"Geuka huko, dada."

Nikageuka, nikatazama ukuta, nikasikia herufi zinavyobonyezwa. Ilikuwa pasiwedi ndefu sana.